Rimoti ibaki mkononi mwa mwalimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niijibu hoja ya msomaji mwenzangu ambaye hivi karibuni aliandika kwamba upungufu wa walimu wa sayansi katika sekondari zetu za kata ungemalizwa kwa kuipa kila shule runinga kubwa na hazina ya video za masomo, wanafunzi wakaketi mbele yake na kufundishwa na walimu mahiri waliorekodiwa mara moja kwa ajili ya nchi nzima. Nia yake ni njema, wala sina ugomvi naye juu ya video yenyewe. Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya kutwa wilayani Rungwe, na huu ni mwaka wa saba natumia video darasani kwa vifaa vya kuazima na vya kuungaunga. Tunapoachana ni pale anapomtazamia mwalimu akae ofisini asahihishe madaftari huku runinga ikimfanyia kazi. Kwa nilivyoona mimi, video inayoachwa iende yenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho huwapa wanafunzi burudani ya dakika kumi na kuwaachia makosa yaleyale waliyoingia nayo, pengine na moja la nyongeza.

Sikuanza na maoni haya. Mvua ndiyo iliyonifikisha hapa.

Ilikuwa Aprili, na anayeijua Tukuyu anaijua Aprili yake. Nilikuwa na mikondo miwili ya kidato cha pili, kila mmoja una wanafunzi wasiopungua sitini, na mada ilikuwa usafirishaji wa vitu katika miili ya viumbe hai, sehemu ya moyo na mzunguko wa damu. Mchoro wa moyo kitabuni umetulia. Moyo wenyewe hautulii, na hapo ndipo mwanafunzi anapopotea, kwa sababu anaviona vyumba vinne na mishale lakini haoni ni chumba kipi kinabana wakati kipi kinajaa. Nikapakua usiku, kwa bando langu, video ya dakika kumi na moja iliyotengenezwa Marekani, nzuri kweli, yenye moyo unaopiga huku vali zikifunguka na kujifunga. Projekta niliazima shule jirani. Madirisha yetu hayana mapazia, kwa hiyo wanafunzi walitundika turubai la kuanikia maharage upande mmoja na vitenge upande wa pili, na picha tukaielekeza kwenye ukuta wa nyuma uliokuwa umepakwa chokaa muhula uliotangulia.

Jumatatu jua lilikuwa linawaka na spika ilisikika vizuri. Mkondo A wakaitazama yote bila hata mtu kukohoa. Nilipouliza kama wameelewa, likaja kwa pamoja lile jibu tunalolijua sote tuliowahi kushika chaki: “Ndiyo, mwalimu!” Kesho yake nikawapa maswali matano mafupi. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika kwamba damu inayorudi moyoni kutoka mwilini ina rangi ya bluu. Hawakulibuni, walilitoa kwenye video, ambayo ilikuwa imeipaka bluu damu yenye oksijeni kidogo ili ipambanuke na nyingine, kama vitabu navyo vinavyofanya, na msimulizi hakuona haja ya kulieleza kwa kuwa machoni pake ni jambo la kawaida mno.

Jumatano ilikuwa zamu ya mkondo B. Video haijafika dakika ya pili, mvua ikaanguka juu ya bati. Madarasa yetu hayana dari, na mvua ya Rungwe juu ya bati lisilo na dari haikuachii nafasi ya kusikia hata mlango ukigongwa. Nikaizima spika. Kwa kuwa kuahirisha kungekuwa na maana ya kuikosa projekta mpaka wiki nyingine, nikaamua kuendelea na picha peke yake: naisimamisha, nasogea katikati ya madawati, napaza sauti kama muuza samaki wa stendi, narudi, naiachia tena sekunde chache. Sauti ilipoanza kukauka nikachukua kipande cha mkaa nikaandika ukutani, juu ya picha yenyewe, jina la kila chumba na mshale wa njia ya damu. (Mkuu wa shule alinidai chokaa baadaye, na nililipa.) Picha ikiwa imesimama hivyo kwenye chumba cha juu cha kulia, binti mmoja wa dawati la mbele akauliza hiyo damu ya bluu hukaa wapi mwilini, maana yeye amechinja kuku tangu ana miaka kumi na hajawahi kuiona.

Swali hilo lilikula dakika ishirini. Mmoja akasema alipotolewa damu kwenye mshipa wa mkono, iliingia katika bomba la sindano ikiwa nyekundu iliyokoza sana, karibu na zambarau, lakini nyekundu. Mwingine akasema labda damu huwa bluu ndani na hubadilika ikigusa hewa, dhana ambayo hata watu wazima wengi wanayo, na wenzake wakambana: kwenye bomba la sindano hewa imeingilia wapi? Mwishowe wakakubaliana wenyewe kwamba bluu ni rangi ya mchoraji. Kisha kijana ambaye mjomba wake ana bucha akajitolea kuulizia moyo wa ng’ombe, na Ijumaa tukaupasua juu ya meza. Wakashika kwa vidole vyao ukuta wa chumba cha chini cha kushoto, wakaona ulivyo mnene kuliko ule wa kulia, na sikuhitaji kuwaeleza ni upande upi unaosukuma damu mwili mzima na upi unaoishia mapafuni. Video ya dakika kumi na moja ilichukua vipindi viwili vya dakika arobaini, na hatukuimaliza. Katika maswali yaleyale matano, walioandika damu ya bluu walikuwa wawili. Huo si utafiti, najua. Mikondo miwili haifanani, na mwalimu mwenyewe siku ya pili huwa ameshajifunza kitu. Lakini tangu wiki hiyo sijawahi tena kuwasha video kisha nikakaa.

Baadaye niliona kwamba waliolipima jambo hili kwa utaratibu wanasema yanayofanana na yale niliyofundishwa na mvua. Mwaka 2001 watafiti Richard Mayer na Paul Chandler walichapisha majaribio ambamo wanafunzi wa chuo kikuu walionyeshwa katuni ya sekunde 140 inayoeleza jinsi radi inavyotokea. Baadhi waliitazama mfululizo. Wengine walipewa katuni hiyohiyo ikiwa imekatwa vipande 16, kila kipande kikingoja mtazamaji abonyeze kitufe ndipo kinachofuata kianze. Picha zilikuwa zilezile na maneno yaleyale, lakini waliokuwa na kitufe walijibu vizuri zaidi maswali ya kutumia walichojifunza katika jambo jipya. Sekunde 140, ndugu Mhariri, hazitoshi kuchemsha yai, na bado ilifaa zikatwe vipande 16. Sisi tunapanga kuwakalisha watoto dakika arobaini. Naye Derek Muller, katika utafiti wa uzamivu alioumaliza Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 2008, aliwaonyesha wanafunzi video za Fizikia zenye maelezo manyoofu na safi. Wakasema zimeeleweka, wakajiamini zaidi, na kwenye maswali wakabaki karibu palepale walipokuwa. Walioonyeshwa video ambamo watu wawili wanajadiliana, mmoja akishikilia dhana potofu zilizozoeleka mpaka zikavunjwa moja baada ya nyingine, walisema zimewachanganya, na ndio waliojifunza zaidi. Siku hizi nikisikia “Ndiyo, mwalimu!” ya pamoja napatwa na wasiwasi.

Wala hatuna sababu ya kwenda mbali hivyo. Kijana aliyekulia Mwanjelwa, Kyela mjini au Makambako anakijua kibanda umiza, ameketi kwenye ubao usio na egemeo akitazama filamu ya Kihindi au ya Kichina iliyoingiziwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili. Fundi yule hatafsiri neno kwa neno. Anaipunguza sauti ya filamu, anampa mhusika jina lake la hapa kwetu, anaonya kwamba huyu usimwamini, anakumbusha lililotokea mwanzo, anatania, kisha ananyamaza pale ngumi zinapojieleza zenyewe. Mtu asiyejua neno moja la Kikantoni anatoka na kisa chote. Kwa miaka mingi tumewakaripia wanafunzi kwa kwenda huko, na kwa haki, maana walikuwa wakitoroka vipindi. Ila ustadi ule wa kuzungumza juu ya picha iliyotengenezwa na mtu mwingine ndio anaouhitaji mwalimu wa sekondari ambaye karibu video zote anazozipata zinazungumza Kiingereza cha kasi cha Marekani au cha India.

Hapo kwenye lugha naomba nikae kidogo. Mtoto anayetufikia kidato cha kwanza kutoka shule ya msingi ya umma amefundishwa kwa Kiswahili miaka yote, na nyumbani huku kwetu wengi wanazungumza Kinyakyusa. Ghafla karibu masomo yote ni ya Kiingereza. Kiingereza cha mwalimu wake anakizoea polepole, pamoja na lafudhi yake na makosa yake. Kiingereza cha msimulizi wa video, anayekimbia na kumeza silabi, kinampita juu ya kichwa. Akikazana kusikiliza, macho yanaacha kutazama, na kilichomleta mbele ya ukuta ule ni kutazama. Video ikinyamazishwa, mwalimu anaweza kukiita kitu kwa jina la Kiingereza litakaloulizwa katika mtihani wa taifa, akakieleza kwa Kiingereza chepesi, na akaongeza neno la Kiswahili pale anapoona nyuso zimeingia giza. Hilo la mwisho wathibiti ubora hawalifurahii. Nalitaja kwa kuwa kila mwalimu analifanya.

Ikiwa msomaji mwenzangu anatafuta mfano wa chombo kimoja kuwafundisha watu wengi, nchi hii inao wa kwake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwaingiza watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wengi wao vijijini. Marehemu baba yangu alikuwa kiongozi wa kikundi kimojawapo, na alipenda kutusimulia utaratibu wake. Kipindi cha redio kilikuwa kama dakika ishirini tu. Kikimalizika, redio inazimwa, betri zinapumzishwa, kitabu kinasomwa kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, kisha mazungumzo yanaanza: hapa kwetu malaria inatoka wapi, choo cha nani kimejaa, tufanye nini kabla ya kukutana tena wiki ijayo. Na watu walikwenda wakachimba vyoo. Viongozi wa vikundi walifunzwa kabla ya kampeni kuanza, na hakuna aliyefikiri kwamba redio ikishanunuliwa, kiongozi wa kikundi anaweza kujiendea shambani. Baba alisema sehemu ngumu ilikuwa ni kumzuia mwenye redio asiiwashe tena kusikiliza muziki.

Najua swali litakaloulizwa: na shule isiyo na mwalimu wa Fizikia kabisa, ifanye nini? Ni swali halali. Mexico walianzisha mwaka 1968 mfumo unaoitwa Telesecundaria kwa ajili ya vijiji vilivyo mbali, ambako mwalimu mmoja husimamia masomo yote ya darasa lake kwa msaada wa televisheni, na mfumo huo ungalipo. Lakini somo la televisheni lilipangwa kuwa la robo saa hivi. Muda uliobaki wa kipindi ulikuwa wa kitabu, mazoezi na mwalimu aliyekuwamo chumbani. Kwa hiyo shule isiyo na mwalimu wa Fizikia inaweza kusaidiwa na video, iwapo mwalimu wa Hisabati au hata wa Jiografia atasimama mbele ya darasa, rimoti mkononi, akiwa na karatasi inayomwonyesha pa kusimamisha na la kuuliza. Haitakuwa sawa na kuwa na mwalimu wa Fizikia, na tusiache kumdai. Itakuwa afadhali kuliko kipindi kitupu.

Darasa lisilo na mtu wa kulisimamia tulikwisha kulionja. Shule zilipofungwa Machi 17, 2020 kwa sababu ya korona, na sisi wengine kungoja mpaka Juni 29 kufungua, vipindi vya masomo vilirushwa kwenye runinga na redio. Lilikuwa jambo jema kwa wakati ule, na waliolifanya wanastahili shukrani. Wanafunzi wangu waliobahatika kuwa na runinga nyumbani walirudi wakiwakumbuka walimu wale kwa sura, kwa mashati, kwa namna ya kuongea. Nilipouliza kuhusu mada, wakaanza tena kunieleza habari za mashati.

Kuna jingine linaloniudhi, dogo kuliko haya lakini siwezi kuliacha. Nimewahi kuona somo likifundishwa kwa video ya mgomba katika darasa ambalo mgomba wenyewe ulikuwa unachungulia dirishani. Hii ni Rungwe! Video inafaa kuleta kile kisichoweza kuingia darasani: seli ikigawanyika, kipande cha sodiamu kikiwaka juu ya maji, ambacho maabara yetu haina na hata ingekuwa nacho nisingependa kukikabidhi kwa watoto sitini. Kwa Jiografia, mtoto wa Kyela aonyeshwe kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma la tani zipatazo 16. Mtoto wa Mbozi aonyeshwe mawimbi ya Ziwa Nyasa yakipiga ufukwe wa Matema chini ya milima. Na wote waonyeshwe Ziwa Ngozi likipigwa picha kutoka juu, ndipo waone kwamba maji yale yamekaa ndani ya kasoko ya volkano. Nauli ya kuwapeleka wote huko haipo, na haitakuwapo karibuni. Badala yake video tulizonazo ni za Hawaii na Iceland, na matokeo yake wanafunzi wanaosomea juu ya udongo wa volkano, chini ya Mlima Rungwe wenye kimo cha karibu mita 2,960, huandika kwamba volkano ni jambo la nchi za mbali. Walimu wa Historia wa Iringa nao wana zana za mawe na nguzo za udongo za Isimila, na wana Kalenga, linakotunzwa fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954. Hayo yote yanangoja mtu mwenye simu.

Simu inatosha. Mwaka jana tulitengeneza video yetu ya haragwe linaloota. Tuliliweka haragwe kati ya kioo cha mtungi na karatasi iliyolowa, tukafunga simu kwenye kigoda kwa vipande vya mwanzi na mpira wa tairi la baiskeli, na programu moja ya bure ikapiga picha yenyewe kila baada ya dakika 20 kwa siku nane, usiku na mchana, chini ya taa. Ilibidi ifanyike sebuleni kwangu kwa sababu shule ni ya kutwa na haina mlinzi wa kutosha, na mwenzangu wa nyumbani alivumilia taa hiyo kwa siku zote nane kwa moyo ambao sina budi kuutaja hapa. Siku ya tano tukaulaza mtungi ubavu. Zilipatikana picha 576, ambazo zikipitishwa 24 kwa sekunde zinakuwa video ya sekunde 24. Sekunde 24 hizo nimezifundishia kipindi kizima katika mikondo yote. Naisimamisha mara tu mtungi unapolala, na kuuliza mzizi utaelekea wapi sasa. Wanapiga kura kwa mikono: kuna wanaosema utaendelea kunyooka ulikokuwa unakwenda, kuna wanaosema utafuata maji, kuna wanaosema utakufa. Kila kundi linatoa sababu yake. Ndipo naiachia, na mzizi unapinda kuelekea chini, na kelele zinazotoka hapo zimewahi kumleta mwalimu wa zamu mlangoni.

Katika video hiyo kuna kipande cheusi. Usiku wa tatu umeme ulikatika, taa ikazimika, na kwa saa tano simu ilipiga picha za giza tupu. Nilitaka kukiondoa, kisha nikakiacha. Sasa nakisimamisha hapo kwenye weusi na kuuliza kama haragwe nalo lilingoja umeme urudi. Mwanga ukirejea, mzizi umerefuka. Huwa nakuwa na dakika kumi nzuri sana za kuzungumza juu ya kile ambacho mbegu inahitaji ili ianze kuota na kile ambacho mche utakihitaji baadaye.

Kuhusu vifaa sitasema mengi, maana kila shule inaujua umaskini wake. Runinga ya inchi 43 haionekani kutoka dawati la mwisho la darasa la watoto sitini. Projekta inataka giza, na giza linataka mapazia. Flashi zinazozunguka shule hadi shule zina virusi kuliko masomo. Walimu wengi walipata vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, na vingi bado vinapiga video vizuri tu, iwapo betri haijavimba. Bando la kupakulia lisiendelee kutoka mfukoni mwa mwalimu. Hilo linaweza kuwekwa kwenye bajeti ya shule kama chaki inavyowekwa.

Ombi langu kubwa ni kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo ndiyo yenye dhamana ya mitaala na vitabu vya kiada, na ambayo tayari ina Maktaba Mtandao tunakosoma vitabu hivyo bila malipo. Inapoandaa video za masomo, isituandalie mihadhara. Itupe vipande vifupi, vya dakika mbili au tatu, visivyo na sauti kabisa au vyenye sauti inayoweza kuzimwa bila kuharibu kitu, na kila kipande kiambatane na ukurasa mmoja unaosema: simamisha hapa, uliza hili, tazamia kosa hili, na kitu halisi cha kuletwa mezani ni hiki. Kipande cha moyo kiwe na onyo la damu ya bluu. Anayejua makosa ya wanafunzi ni mwalimu aliyesahihisha madaftari yao, kwa hiyo kurasa hizo ziandikwe na walimu walio madarasani. Mpango wa MEWAKA, yaani wa mafunzo endelevu ya walimu wakiwa kazini, umeshatuwekea jumuiya za ujifunzaji ambamo walimu wa shule na kata hukutana; kikao kimoja kwa muhula kitumike kutazama kipande kimoja pamoja na kubishana kisimamishwe wapi. Tulijaribu hivyo mara moja na walimu watatu wa shule jirani kwa kipande cha moyo, na kila mmoja alisimamisha mahali pake. Ubishi ule ulinifundisha Biolojia zaidi ya semina kadhaa nilizolipwa posho.

Msomaji mwenzangu namkaribisha. Akitokea Uyole kwenda Kyela atapita karibu na shule yetu, na projekta ya kuazima huwa tunayo Jumatano, saa nne hadi saa sita. Aje na video yoyote anayoiamini, tuitazame pamoja na kidato cha pili. Rimoti nitamwachia yeye. Akiweza, aje wakati wa mvua.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Biolojia,
Wilaya ya Rungwe, Mbeya
(jina na anwani vimehifadhiwa)